Uzi maalumu: Saratani ya ini kwa wazee – vipimo, tiba na matunzo ya nyumbani hapa Dar

#1 Ini_na_Nyongo

Habari za jioni wanajukwaa. Maswali kuhusu saratani ya ini kwa wazee yametawanyika kwenye nyuzi nyingi, na majibu yake ama yanakatisha tamaa bila sababu ama yanauza matumaini ya bure. Tuyakusanye hapa. Nimewaomba wenzangu wa picha, famasi, lishe na tiba shufaa (ya kutuliza maumivu na mateso) waingie, kila mtu ajibu la fani yake.

La kwanza, umri peke yake haumnyimi mzee tiba. Yanayoamua ni matatu: ini lililobaki lina uwezo gani, uvimbe umefika wapi, na mwili wa mzee una nguvu kiasi gani. Mzee wa miaka 78 anayekwenda sokoni Tandika kwa miguu yake, na ini lake bado linafanya kazi, anaweza kustahili tiba kuliko wa miaka 60 anayeshinda kitandani. Kwa hiyo kauli ya "ameshazeeka, mrudisheni tu nyumbani" isikubaliwe kabla ya hayo matatu kujulikana.

Chanzo kikubwa kwetu ni homa ya ini B, mara nyingi ya tangu utotoni. Chanjo yake iliingia kwenye ratiba ya watoto wachanga nchini mwaka 2002, kwa hiyo wazee wetu wa leo hawakuipata walipokuwa wadogo. Ongeza sumukuvu kwenye mahindi na karanga, pombe ya miaka mingi, homa ya ini C, na ini lenye mafuta kwa wenye kisukari na unene. Homa ya ini B na sumukuvu zikikutana kwa mtu mmoja, hatari inapanda kupita kiasi cha kila moja peke yake.

Uwezo wa ini tunaupima kwa alama za Child-Pugh. Mnaweza kuzihesabu wenyewe mkiwa na majibu ya maabara:

Bilirubini (rangi ya manjano kwenye damu) chini ya 34 µmol/L ni alama 1, kati ya 34 na 50 ni 2, juu ya 50 ni 3.
Albumini (protini inayotengenezwa na ini) juu ya 35 g/L ni 1, kati ya 28 na 35 ni 2, chini ya 28 ni 3.
INR (kipimo cha kuganda kwa damu) chini ya 1.7 ni 1, kati ya 1.7 na 2.3 ni 2, zaidi ya hapo ni 3.
Maji tumboni: hakuna 1, kidogo 2, mengi 3.
Kuchanganyikiwa kunakotokana na ini: hakuna 1, kidogo 2, kukubwa 3.

Jumla ya 5–6 ni kundi A, 7–9 ni B, 10–15 ni C. Chukua mzee mwenye bilirubini 28, albumini 31, INR 1.3, maji kidogo tumboni na akili timamu: 1+2+1+2+1, jumla 7, yuko B. Anaonekana mzima akiwa amekaa sebuleni, lakini ini lake halina akiba kubwa, na dawa kali inaweza kumwangusha kabla ya uvimbe wenyewe.

#2 Mjukuu_wa_Mbagala

Asante daktari. Utrasaundi ya mtaani ikisema "vimbe nyingi kwenye ini", hiyo tayari ni saratani ya ini? Na kuchukuliwa kinyama cha kupimwa maabara ni lazima?

#3 Ini_na_Nyongo

Hapana, bado. Kwa mzee, vimbe nyingi kwenye ini mara nyingi ni saratani iliyosafiri kutoka kwingine: utumbo mpana, tumbo, kongosho, titi. Tiba yake ni nyingine kabisa. Halafu kuna jipu la ini, linalotokana na amiba au bakteria. Jipu huja na homa na maumivu ya ubavu wa kulia, na linatibika kwa dawa na kunyonywa usaha. Inasikitisha sana mzee anapofariki kwa jipu huku nyumba nzima imeshakubali kwamba ni saratani.

Kinyama si lazima kila mara. Kama mgonjwa ana sirosisi (ini lililojaa makovu) au homa ya ini B ya muda mrefu, na CT (picha za mashine ya mionzi) ikaonyesha alama zote zinazotakiwa, utambuzi unakamilika kwa picha. Picha ikiwa na utata, au ini halina ugonjwa wa awali, hapo kinyama kinahitajika. Kabla ya sindano, INR na chembe sahani (zinazogandisha damu) zipimwe. Wengi hawachomi chembe zikiwa chini ya 50,000, wala tumbo likiwa limejaa maji, kwa sababu damu ikianza kuvuja ndani haina pa kuzuilika.

Kuna kipimo cha damu cha alfafetoproteini. Kikizidi 400 ng/ml kwa mtu mwenye uvimbe na ini bovu, mashaka ni makubwa sana. Lakini wagonjwa wengi wenye saratani hii wana kiwango cha kawaida, kwa hiyo jibu zuri lisiwalaze usingizi. Angalieni pia kizio: maabara nyingine huandika IU/ml, na 400 ng/ml ni kama 330 IU/ml. Watu hulinganisha karatasi mbili za maabara mbili wakadhani uvimbe umepungua.

#4 Picha_na_Mionzi

Naongezea hapo kwenye CT, maana ndipo pesa nyingi za familia zinapopotelea.

CT ya ini kwa ajili ya saratani hii si CT ya tumbo ya kawaida. Uvimbe huu hunywa damu kutoka mshipa wa ateri, wakati ini lenyewe linapata damu nyingi kupitia mshipa wa porta, unaotoka kwenye utumbo. Ndiyo maana tunapiga mara kadhaa baada ya kuingiza dawa ya kung'arisha: karibu sekunde 35 (hatua ya ateri), karibu sekunde 70 (hatua ya porta), na tena kati ya dakika 3 na 5. Uvimbe ukiwaka kwenye hatua ya kwanza kisha ukafifia kuliko ini kwenye hatua za baadaye, hiyo ndiyo alama tunayoitafuta. Ukipigwa hatua ya porta peke yake, uvimbe unaweza usionekane kabisa, au ukaonekana bila kujulikana ni nini. Mtatumwa kurudia na kulipa tena.

Kwa hiyo, kabla hamjalipia, someni fomu ya daktari. Iandikwe wazi kwamba ni CT ya ini ya hatua tatu au nne. Mkifika kaunta ulizeni hilohilo: "Mnapiga hatua ya ateri?" Wakisita, tafuteni kwingine.

Kwa mzee kuna mambo manne ya kuandaa:

Kreatinini (kipimo cha figo) ya karibuni, kwa sababu dawa ya kung'arisha inapita kwenye figo. Mwenye figo dhaifu aseme mapema, na anayetumia metformini ya kisukari pia, ili daktari aamue kama itasimamishwa.

Mshipa. Dawa inasukumwa kwa mashine kwa kasi ya ml 3 hadi 5 kwa sekunde. Kanula ndogo iliyowekwa nyuma ya kiganja haihimili, mshipa wa mzee unapasuka, dawa inamwagika chini ya ngozi na picha inaharibika. Ombeni kanula ya kijani au ya waridi, iwekwe kwenye kiwiko. Mzee awe amekunywa maji ya kutosha jana yake kama hajakatazwa.

Pumzi. Atatakiwa kuibana sekunde 10 hivi, mara kadhaa. Asiyesikia vizuri anapumua katikati na picha inatikisika. Mfanyisheni mazoezi nyumbani, na mtuambie kama hasikii, tutampa ishara ya mkono.

Utrasaundi nayo ni vizuri afunge saa 6 kabla, la sivyo gesi na chakula vinaziba.

#5 Kipande_cha_Tabata

Sasa ikishathibitika, kuna tiba gani kweli kwa mzee hapa nchini? Watu wanauza viwanja waende India.

#6 Ini_na_Nyongo

Nitakwenda kwa hatua.

Uvimbe mmoja, ini kundi A, mzee mwenye nguvu: upasuaji wa kukata sehemu ya ini unazungumzika. Kikwazo ni kiasi cha ini kitakachobaki. Ini lenye afya linavumilia kubaki na asilimia 20–25, lenye sirosisi linahitaji kama 40.

Uvimbe mdogo usiozidi sentimita 3: kuunguzwa kwa sindano ya joto, au kuchomwa pombe ya ethanoli ndani ya uvimbe kwa ule wa chini ya sentimita 2. Kwa mzee hii ni nzuri kwa sababu hakatwi, na analala hospitali muda mfupi.

Vimbe kadhaa ambavyo havijaingia kwenye mishipa mikubwa: kuna tiba ya kuziba ateri inayolisha uvimbe kwa mpira mwembamba unaopitishwa pajani, inaitwa TACE. Baada yake, homa na maumivu kwa siku chache ni kawaida. Isifanyike kwa mwenye manjano, maji mengi tumboni au mshipa mkuu wa porta ulioziba. Hao inawamalizia ini. Muhimbili ina madaktari wa radiolojia tiba, kwa hiyo ulizeni huko kama huduma hiyo ipo kabla ya kuwaza tiketi ya ndege.

Uvimbe umeingia kwenye mshipa au umesambaa, lakini ini bado A: dawa. Mfamasia atazieleza.

Kundi C, au mzee analala zaidi ya nusu ya siku: tiba shufaa. Hiyo nayo ni tiba kamili. Maumivu ya uvimbe unaovuta gamba la ini yanaweza kupunguzwa kwa mionzi ya mara moja tu, dozi ya Gy 8. Ulizeni hospitali ya saratani ya Ocean Road kama mzee anafaa.

Kuhusu India: watu wengi wanaiwazia kwa ajili ya kupandikizwa ini. Masharti yanayotumika sana ni ya Milan ya mwaka 1996: uvimbe mmoja usiozidi sentimita 5, au visivyozidi vitatu na kila kimoja kisizidi sentimita 3. Juu ya hapo kuna moyo, mapafu, figo, mtoaji wa ini, na vituo vingi husita mgonjwa akivuka miaka 65–70. Kabla kiwanja hakijauzwa, tumeni CT ya hatua zote kwenye CD, alama za Child-Pugh na majibu ya damu, mpate jibu la maandishi. Mzee aliyeko kundi C hatapona kwa kubadilishiwa nchi, na safari yenyewe inaweza kumzidisha.

#7 Mfamasia_Temeke

Kwenye dawa nisimame kidogo, kwa sababu wazee wetu wanakuja na mfuko mzima wa vidonge.

Sorafenibu: dozi kamili ni mg 400 mara mbili kwa siku, saa 1 kabla ya kula au saa 2 baada ya kula. Kwa mzee madaktari wengi huanza na nusu, mg 200 mara mbili, wakapandisha akivumilia. Kwenye utafiti uliofungua njia, wastani wa kuishi ulikuwa miezi 10.7 dhidi ya 7.9 kwa wasiotumia. Nazitaja namba hizi ili familia ijue inanunua nini. Inaongeza muda, haiponyi. Presha ipimwe kila wiki kwa wiki 6 za mwanzo. Ngozi ya viganja na nyayo huwa nyekundu, inauma, inapasuka: viatu laini, soksi za pamba, maji ya moto marufuku, mafuta yenye urea tangu siku ya kwanza. Malengelenge yakitokea, simamisheni mrudi kliniki, msimlazimishe amalize kopo kwa kuwa limenunuliwa ghali. Lenvatinibu inafuata uzito: mg 12 kwa kilo 60 na zaidi, mg 8 chini ya hapo.

Atezolizumabu na bevasizumabu kwa dripu kila wiki 3 zina matokeo mazuri kuliko sorafenibu, ila bei yake ni mzigo mzito, na kabla ya kuanza lazima mpira wa kamera upite kooni kuangalia mishipa ya umio iliyovimba. Bevasizumabu huongeza hatari ya kutoka damu.

Mwenye homa ya ini B aanze tenofovi, dawa ya kudhibiti kirusi, mg 300 kwa siku, na asiiache hata akijisikia vizuri. Kuiacha ghafla huamsha kirusi na ini linaweza kufeli ndani ya wiki chache. Figo zikiwa dhaifu dozi hupangwa upya.

Sasa vya kuondoa kwenye mfuko:

Diklofenaki na ibuprofeni. Hivi ndivyo vinavyouzwa kila duka la dawa kwa ajili ya magoti na mgongo. Kwa ini hili vinaleta vidonda vya tumbo, damu na kufeli kwa figo. Angalieni na vile vidonge vya mchanganyiko, diklofenaki imejificha humo.

Glibenklamaidi kwa mwenye kisukari. Ini likichoka halitoi sukari ya akiba, na uvimbe wenyewe unaweza kushusha sukari. Mzee anashuka usiku akiwa usingizini. Mpimeni alfajiri. Ikiwa chini ya 4 mmol/L na anameza vizuri, vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, pimeni tena baada ya dakika 15, na dawa ibadilishwe siku hiyohiyo.

Diazepamu na dawa nyingine za usingizi. Losatani na jamii yake (dawa za presha) kwa mwenye maji tumboni: daktari azipitie upya, zinaweza kuangusha figo.

Parasetamoli inaruhusiwa, tofauti na watu wanavyoogopa: kidonge kimoja cha mg 500 kila saa 6, visizidi vinne kwa siku. Hesabuni na iliyomo kwenye dawa za mafua.

#8 Bi_Mkubwa_Ilala

Shukrani mfamasia. Mitishamba je? Na chakula? Mzee kaambiwa asile nyama, maharage wala mayai, anapewa uji wa lishe tu na ndizi.

#9 Lishe_Kigamboni

Bi Mkubwa, hapo ndipo wazee wengi wanapoishia. Katazo la protini ni la zamani na linaua misuli. Anahitaji gramu 1.2 hadi 1.5 za protini kwa kila kilo ya uzito. Kwa mzee wa kilo 50 ni gramu 60–75 kwa siku. Yai moja lina kama gramu 6, kipande cha samaki cha gramu 100 kina kama 20, kikombe cha maharage yaliyopikwa kama 15. Nyama, samaki, mayai, maziwa, maharage, vyote ale. Agawiwe mara 5 au 6 kidogokidogo, kwa sababu ini lililovimba linabana tumbo na anashiba kwa vijiko vichache. Mlo wa mwisho uwe karibu na kulala: uji mzito wa maziwa, au mkate na yai. Ini hili halivumilii saa 10 bila chakula, mwili unaanza kula misuli.

Uji wa lishe ni mzuri, ila chunguzeni unga. Ule wenye karanga na mahindi ukikaa stoo yenye unyevu, na unyevu wa Dar mnaujua, unaota sumukuvu, na kuchemsha hakuiondoi. Mwaka 2016 Dodoma na Manyara watu walifariki kwa sumu hii kutokana na mahindi. Nunueni karanga nzima na mahindi makavu, chambueni punje kwa punje, tupeni zilizosinyaa, zilizopasuka, zenye rangi ya kijani au nyeusi. Sageni kidogokidogo, kama ya wiki mbili.

Chumvi, kama ana maji tumboni, isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku nzima ikiwemo iliyopikiwa. Ng'onda, dagaa wa chumvi na viungo vya kopo vikae kando. Ndimu, tangawizi, kitunguu saumu na nazi vinarudisha ladha.

Mitishamba: ini ndilo linalosafisha kila kinachomezwa, na baadhi ya dawa za mizizi zinaliunguza. Kama familia imeshampa, semeni kliniki bila kuona aibu. Kuchanjwa wembe ubavuni msikubali kabisa, damu yake haigandi vizuri.

#10 Mjukuu_wa_Mbagala

Mzee akianza kuweweseka na kutukana watu, usiku halali mchana analala, wengine wanasema ni uzee, wengine wanasema karogwa.

#11 Sista_Shufaa

Ni ini, mpaka ithibitike vinginevyo. Mwambieni anyooshe mikono mbele, viganja vitazame mbele kama anasimamisha daladala. Vikipigapiga vyenyewe, hiyo ndiyo dalili. Mara nyingi kuna kilichochochea: kukosa choo, maambukizi, damu tumboni, dawa za kukojoza kupita kiasi, au vidonge vya usingizi. Laktulosi (dawa ya maji ya kulainisha choo) ml 15–30 mara mbili au tatu kwa siku, mkiongeza na kupunguza ili apate choo laini mara 2 au 3. Kuharisha mara sita si mafanikio, kunamkausha na kumrudisha palepale.

Maji tumboni: spironolaktoni, mara nyingi pamoja na furosemidi, zote dawa za kukojoza. Mpimeni uzito kila asubuhi baada ya kukojoa, kabla ya chai. Asiye na uvimbe wa miguu asipungue zaidi ya nusu kilo kwa siku. Akishuka kwa kasi kuliko hapo, figo zinaumia. Maji hayo yakitolewa kwa sindano zaidi ya lita 5, albumini ya dripu iongezwe gramu 8 kwa kila lita. Chupa ya ml 100 ya asilimia 20 ina gramu 20, kwa hiyo lita 5 ni chupa 2. Ulizeni mapema kama ipo, maana bila hiyo presha inaporomoka kesho yake. Homa, au tumbo kuuma likiguswa, kwa mwenye maji: hospitali siku hiyohiyo.

Maumivu yakishinda parasetamoli, mofini ya maji. Kwa mzee mwenye ini bovu tunaanza mg 2.5 kila saa 6 hadi 8, si kila saa 4. Kwa chupa yenye mg 5 katika ml 5, hiyo ni ml 2.5. Someni lebo kila mkipewa chupa mpya, kwa sababu nguvu hutofautiana, na pimeni kwa bomba la sindano lisilo na sindano, vijiko vya nyumbani havilingani. Laxativu ianze siku ileile. Mofini bila dawa ya choo inaleta kuweweseka, kisha familia inailaumu mofini na mzee anaachwa alie.

#12 Kipande_cha_Tabata

Gharama sista? Na sisi tunaokaa naye, tuko salama?

#13 Sista_Shufaa

Mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo ana haki ya msamaha katika hospitali za serikali. Chukueni barua ya serikali ya mtaa na kitambulisho, muone afisa ustawi wa jamii kabla ya kufungua faili, si baada ya bili kutoka. Anzeni Amana, Temeke au Mwananyamala kulingana na mnapoishi, mpate rufaa yenye majibu yote yameambatanishwa.

Saratani haiambukizi. Homa ya ini B inaambukiza kwa damu na majimaji ya mwili. Kula naye sahani moja, kumkumbatia, kumwogesha, hakuna shida. Wembe, mkasi wa kucha na mswaki awe na vyake, na anayesafisha damu avae glovu. Nyumba nzima ipimwe: mke au mume, watoto, ndugu wa tumbo moja. Asiye na kirusi na asiye na kinga achanjwe dozi tatu, ya leo, ya mwezi mmoja na ya mwezi wa sita. Aliyekutwa nacho afuatiliwe kliniki, na daktari akimpangia, utrasaundi kila miezi 6. Uvimbe wa sentimita 2 una tiba. Wa sentimita 12 tunautuliza tu.

#14 Bi_Mkubwa_Ilala

Usiku tukiwa peke yetu, tukimbie hospitali kwa dalili zipi?

#15 Ini_na_Nyongo

Kutapika damu au choo cheusi kinachonata. Maumivu makali ya ghafla ubavuni na jasho baridi, uvimbe unaweza kuwa umepasuka. Haamki vizuri, pimeni sukari kwanza, kisha mwondoke. Homa akiwa na maji tumboni. Hajakojoa tangu asubuhi. Msimnyweshe kitu kama hamezi, mlazeni ubavu, na mbebe dawa zake zote kwenye mfuko mmoja.

Kama yuko hatua ya mwisho na mmeshakubaliana na timu kwamba abaki nyumbani, mpigieni muuguzi wa tiba shufaa kabla ya kuita gari. Namba yake iandikwe ukutani karibu na kitanda, na nguo au taulo za rangi nyeusi ziwe karibu kama kuna hatari ya damu, ili wasiishie kuogopa yeye na wajukuu.